MKIMBIZI NA MKIMBIAJI: Somo juu ya kupanga mbio za kartie

Somo kwa vikundi vya vijana, vya akina mama na vya wazee. Tusome kwanza nyumbani: 2 Samweli 18:19-32, Luka 15:3-7, 1 Wakorintho 9:24-27.



Vijana wetu wanauliza mara kwa mara: je, sisi watu wa Bungulu tunaweza kupanga mbio? Wanasema mbio za kweli, zenye mwanzo na mwisho, zenye namba kifuani na watu wa kupiga makofi kando ya barabara. Wanaziona za wengine katika televisheni na katika simu, na miguu inawawasha. Jibu ni ndiyo, inawezekana. Lakini mbio si jambo la kupuliza filimbi tu, na katika mji wetu wa Beni zina ugumu wake ambao watu wa Nairobi au wa Brussels hawaujui. Somo hili linautazama ugumu huo bila kuuficha, halafu linaonyesha kazi yenyewe.

NENO MOJA, WATOTO WAWILI

Katika Kiswahili chetu neno kukimbia limezaa watoto wawili. Mmoja anaitwa mkimbizi, mwingine anaitwa mkimbiaji. Miguu yao ni ile ile, jasho ni lile lile, hata vumbi wanalolipiga ni lile lile. Lakini mkimbizi anasukumwa na kitu kilicho nyuma yake, na mkimbiaji anavutwa na kitu kilicho mbele. Mkimbizi hana namba kifuani, hakuna anayempigia makofi, na mwisho wa njia yake haujui.

Sisi tunamjua wa kwanza kuliko wa pili. Tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014 katika mji na eneo la Beni, ni familia ngapi zimetoka Mbau, Eringeti na Oicha na magodoro kichwani? Wengi wao wamelala katika nyumba zetu. Wengine ni sisi wenyewe.

Kwa hiyo, hapa kwetu watu wakiona vijana arobaini wanakimbia pamoja barabarani asubuhi, hakuna atakayeuliza ni nani anayeongoza. Mama atamshika mtoto, mwenye duka atafunga mlango, mmotari atageuza pikipiki yake, na kwa dakika tano kartie nzima itakuwa njiani, kila mtu anakimbia na hakuna anayejua anakimbia nini. Huo si woga wa kijinga. Ni akili ya watu walioona. Mtu anayetaka kupanga mbio Bungulu na hajaliwaza jambo hili, asianze.

Tena kuna jambo la pili, zito zaidi. Kukusanya watu ni kuchukua roho zao mkononi. Tarehe 25 Desemba 2021, siku ya Noeli, bomu lililipuka hapa Beni mahali watu walipokaa kula na kunywa. Tarehe 15 Januari 2023 lingine lililipuka kule Kasindi ndani ya kanisa, wakati wa ubatizo. Hatuyataji haya ili kuwatisha vijana. Tunayataja kwa sababu mpangaji wa mbio anaita mamia ya watu wasimame mahali pamoja kwa saa iliyotangazwa, na ni lazima ajue anaita nini.

Je, basi tuache? Tuwatazame kwanza wengine waliokimbia katika nchi zisizo na amani.

KAPENGURIA, KAKUMA NA KIROTSHE

Huko Kenya, upande wa kaskazini-magharibi, kuna kaunti ya Pokot Magharibi, na mji wake mkubwa unaitwa Kapenguria. Ni nchi ya wafugaji. Wapokot, Waturkana, Wakaramojong wa upande wa Uganda na majirani wao wamenyang'anyana ng'ombe kwa miaka mingi sana, zamani kwa mikuki, baadaye kwa bunduki. Katika nchi hiyo alizaliwa Tegla Loroupe mwaka 1973. Alipokuwa mtoto alikimbia kwenda shule kilomita nyingi bila viatu, na wengi nyumbani hawakuona kwamba mbio ni kazi ya msichana. Mwaka 1994 alishinda marathoni ya New York, naye akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda mbio hizo. Mwaka 1998 huko Rotterdam na mwaka 1999 huko Berlin alivunja rekodi ya dunia ya wanawake.

Mama huyu angeweza kukaa mjini na kula jasho lake. Lakini mwaka 2003 alianzisha shirika la amani lenye jina lake, likapanga mbio za amani katika nchi ile ile ya bunduki. Waliitwa wapiganaji wenyewe. Hawakuitwa kusikiliza hotuba, waliitwa kukimbia, kijana wa kabila hili bega kwa bega na kijana aliyemwibia baba yake ng'ombe. Katika mbio za Kapenguria za mwaka 2006 walikimbia wapiganaji wapatao 2000 wa makabila sita. Mawaziri na mabalozi nao walivua viatu vya ngozi na kukimbia kati yao.

Tusidanganyane: wizi wa ng'ombe haukwisha siku ile, na hata sasa nchi ile ina machozi yake. Lakini fikirini kidogo juu ya kijana wa vita aliyezoea kuwa, akimwona mtu wa kabila lile anakimbia, ama anamkimbilia kumpiga, ama anamkimbia asipigwe. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikimbia pamoja naye, wakielekea upande mmoja. Mwili nao unajifunza, na wakati mwingine mwili unatangulia, moyo unafuata nyuma.

Baadaye Tegla Loroupe aliongoza kundi lingine. Katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro ya mwaka 2016 kulikuwa, kwa mara ya kwanza, na timu ya wakimbizi: watu kumi wasio na bendera ya nchi. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka katika kambi ya Kakuma, Kenya. Walipochaguliwa kule kambini wengi hawakuwa na viatu vya kukimbilia vinavyowafaa. Waliazimana, na miguu ikawauma. Rose Nathike Lokonyen, aliyefika Kakuma akiwa mtoto, ndiye aliyebeba bendera mbele ya wenzake. Na wawili katika wale kumi walikuwa wetu, watu wa Kongo: Popole Misenga na Yolande Mabika, wachezaji wa judo waliotafuta kimbilio huko Brazil. Misenga ni mzaliwa wa Bukavu.

Karibu zaidi na sisi, katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini, kando ya ziwa, kuna Kirotshe. Makorobondo Salukombo aliondoka huko akiwa mtoto, wazazi wakikimbia vita. Wakapitia Uganda, mwishowe wakafika Marekani. Huko alijifunza kukimbia kwa namna nyingine. Alipokuwa mtu mzima alirudi Kirotshe kuwafundisha vijana mbio. Katika michezo ile ile ya Rio alikimbia marathoni kwa jina la Kongo, na msichana mmoja aliyefundishwa naye, Beatrice Kamuchanga, alikimbia mita 5000.

Basi mkimbizi anaweza kuwa mkimbiaji. Watu wa Kivu wamekwisha kuonyesha.

AHIMAASI ALIKIMBIA NA NINI?

Sasa tuingie kazini. Kikao cha kwanza kisianze na tarehe wala na rangi ya fulana. Kianze na ulizo moja: tunakimbia kwa sababu gani?

Katika 2 Samweli 18 kuna wakimbiaji wawili. Mkushi alitumwa na habari. Ahimaasi hakutumwa, lakini aliomba mara nyingi mpaka Yoabu akamwacha aende. Alipita njia ya bondeni, akamtangulia Mkushi, akafika wa kwanza mbele ya mfalme. Na alipoulizwa habari za Absalomu hakuwa na jibu. Akaambiwa asimame kando. Mbio nyingi za vijana zinafanana na Ahimaasi. Zina kasi, zina kelele, na ukiwauliza zimeleta nini, wanakaa kimya.

Sababu iwe moja na iwe ndogo ya kushikika. Kukutanisha vijana wa komini nne za mji, yaani Bungulu, Beu, Mulekera na Ruwenzori, ni sababu. Kutafuta madaftari ya watoto wa wakimbizi wanaosoma katika shule fulani ni sababu. Kuleta amani duniani si sababu ya mbio za kilomita tano. Ni maombi, na maombi yana mahali pake.

Hapo hapo linakuja jambo la fedha. Ng'ambo ya mlima Ruwenzori, huko Kasese, Uganda, ndugu zetu Wakonzo, ambao lugha yao na Kinande ni nyumba moja, waliona mbio kubwa zikianza kwao tarehe 3 Septemba 2022: marathoni kamili, nusu yake, kilomita kumi na kilomita tano, kwa wageni na kwa watoto wa nyumbani. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Juni 2023, wauaji waliingia katika shule ya sekondari ya Mpondwe, karibu na mpaka wetu, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Septemba ile ile mbio zilikimbiwa tena. Ujasiri huo tunausifu. Lakini mbele ya jina la mbio hizo limeandikwa jina la bia, kwa kuwa kiwanda cha bia ndicho kilichotoa fedha. Hatuwahukumu majirani. Tunasema tu kwamba anayelipa anaandika jina lake kifuani mwa watoto wako, na ni vema kuamua kabla ya kupokea, si baada ya fulana kushonwa. Vivyo hivyo kwa mwanasiasa. Karibu na uchaguzi atatokea mtu mwema sana mwenye fulana mia tano za bure, na picha yake juu yake. Kwa maoni ya mwandishi wa somo hili, mbio za watu mia moja waliotoa franka zao wenyewe ni bora kuliko mbio za watu elfu moja chini ya picha ya mtu.

KUOMBA NJIA

Barabara si yetu. Ni ya wauza mkaa, ya wamotari, ya magari yanayotoka Butembo na Kasindi, ya askari, ya mgonjwa anayepelekwa hospitalini. Kwa hiyo njia inaombwa, na inaombwa kwa barua, mapema, miezi miwili kabla ikiwezekana. Barua iende kwa shefu wa kartie, kwa mkubwa wa komini, kwa meya wa mji, na kwa polisi wa barabara. Tangu hali ya dharura ilipotangazwa katika jimbo letu Mei 2021, na wakubwa wa jeshi na wa polisi wakawekwa mahali pa viongozi wa raia, watu wetu wamejifunza kuwaeleza wenye silaha kila jambo la mkusanyiko. Desturi hiyo tuishike, hata siku zikibadilika. Barua iseme saa ya kuanza, saa ya kumaliza, njia yote kona kwa kona, hesabu ya watu, na majina ya watu watatu wa kujibu.

Na wakisema hapana? Tunaacha, bila kunung'unika na bila kujaribu kwa siri. Wao wanajua mambo ambayo sisi hatuyajui. Hata wakisema ndiyo, wakubwa wa usalama waulizwe tena siku tatu kabla, na tena usiku wa mwisho. Mbio zinaweza kuahirishwa mara nne. Hakuna aliyekufa kwa kuahirisha mbio.

Njia isitoke nje ya mji. Kijana mmoja atasema, tufanye marathoni kamili. Mwambieni: marathoni ni kilomita 42 na mita 195, na kutoka hapa mpaka Butembo ni kilomita 54 hivi. Anayeisha kufika karibu na Butembo kwa miguu, shambani, katika njia tunazozijua, ni nani atakayemlinda? Kilomita tano ndani ya mji zinatosha. Watoto wapewe kilomita moja. Akina mama na wazee wanaotaka kutembea, watembee njia ile ile, na wahesabiwe kama wengine.

Kupima njia hakuhitaji mashine. Chukueni kamba isiyovutika ya mita 50, mpime mara 100: ni kilomita tano. Au chukueni baiskeli, funga kitambaa chekundu kwenye gurudumu, pima kwanza gurudumu likizunguka mara moja linakwenda mita ngapi, kisha mtu ahesabu vitambaa. Wapime watu wawili, siku mbili mbali mbali. Wakipishana kidogo, hakuna neno. Wakipishana sana, mmoja wao alikuwa anazungumza.

Jumamosi moja kabla, fanyeni salongo ya njia hiyo: mawe, misumari, vipande vya chupa. Wengi watakimbia bila viatu. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, ndiyo, lakini Roma walikuwa wamefagia.

ILI MTU ASIOGOPE

Hili ndilo jambo la kwetu, wala hutalikuta katika vitabu vya michezo vya Ulaya. Kila nyumba kando ya njia ni lazima ijue kabla. Tangazo la redio linafaa, lakini halitoshi, kwa sababu anayeogopa zaidi ndiye asiye na redio. Vijana wapite mlango kwa mlango, wawili wawili, kijana na msichana, wakisema kwa Kiswahili na kwa Kinande: siku fulani, saa fulani, mtawaona watu wanakimbia hapa, wanacheza, msikimbie nao. Watangaze sokoni, shuleni, katika makanisa yote bila kuchagua, na msikitini. Waende hasa kwa familia zilizokimbia vita, wakae nao, waeleze polepole. Mtoto aliyeona mauaji haambiwi jambo hili mara moja tu.

Tena, msianzishe mbio kwa mlio wa bunduki wala wa fataki. Katika nchi nyingine ndiyo desturi. Hapa mlio mmoja unaweza kumwua mzee wa moyo, na kutawanya watoto msiwapate mpaka jioni. Tumieni ngoma. Ngoma inajulikana, na ngoma haijawahi kumkimbiza mtu hapa Bungulu. Mbele ya wakimbiaji wote, mita mia mbili hivi, itangulie pikipiki moja yenye bendera nyeupe na megafoni, mtu akisema pole pole: hizi ni mbio, hizi ni mbio. Wamotari wapewe kazi hiyo na waheshimiwe nayo. Mkiwasahau mtawakuta njiani kama wapinzani. Mkiwaita wafunge kona, watazifunga vizuri kuliko kamba.

Fulana za rangi moja zinasaidia. Zisipopatikana, kitambaa cha rangi moja begani kinatosha, ili mtu akitazama kutoka mlangoni ajue hawa ni pamoja. Na mkimbiaji asibebe kitu. Kwetu, mtu anayekimbia na mzigo ana maana yake.

MAJI, JUA NA MFUNGO

Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Jua linatoka kama saa kumi na mbili ya asubuhi mwaka wote, na mvua nyingi inapenda kuja baada ya mchana. Basi ngoma ilie saa moja ya asubuhi, na saa tatu barabara iwe imefunguliwa. Siku iwe siku ya mapumziko ya serikali, kwa sababu Jumamosi inawaacha Waadventisti nje, na Jumapili inatuacha wengine.

Maji yawe mwanzoni, katikati na mwishoni, katika bidoni safi zenye bomba. Kila mtu na kikombe chake, au maji yamiminwe mkononi uliooshwa. Miaka ya 2018 hadi 2020 Ebola ilitufundisha hapa Beni kunawa mikono na kutopeana kikombe. Somo lile tulilinunua kwa bei kubwa mno, tusilitupe. Kwa anayeishiwa nguvu, tayarisheni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ndizi mbivu zinatosha kwa chakula. Watu wa Msalaba Mwekundu waombwe waje, na gari moja lisimame tayari, dereva ndani, si nganda.

Neno moja kwa waaminifu. Tunao watu wa mfungo mkavu, siku tatu bila chakula wala maji. Mfungo ni mwema. Lakini asiyekunywa maji tangu jana asikimbie leo, hata akisema anasikia nguvu ndani yake. Vivyo hivyo mwenye homa ya malaria, mama mja mzito karibu kuzaa, na mwenye shida ya moyo. Mwandikishaji awe na ujasiri wa kusema hapana kwa mzee wa kanisa.

TISINI NA TISA NA MMOJA

Tarehe 22 Mei 2021, katika jimbo la Gansu huko China, watu 172 walianza mbio za kilomita 100 milimani. Waliondoka na nguo nyepesi. Mchana hali ya hewa ikageuka, ikaja mvua ya barafu na upepo mkali. Wengine walianguka mahali ambapo hakuna gari linalofika. Wakimbiaji 21 walikufa, na kati yao walikuwamo baadhi ya hodari wa nchi ile. Mtu mmoja aliyekuwa akichunga kondoo, aliyejificha pangoni na mvua, aliwaona na kuwaokoa sita. Aliwavuta ndani, akawasha moto. Wapangaji hawakuwa na namna ya kuwafikia watu wao. Mchungaji wa kondoo alikuwa nayo.

Mbio za Bungulu hazina mlima wala barafu, lakini hesabu ni ile ile. Kila mkimbiaji aandikwe jina, umri, kartie, na jina la mtu wa nyumbani wa kuitwa. Daftari ziwe mbili, zikae kwa watu wawili. Namba iandikwe kwa rangi kwenye kitambaa na kushonwa kifuani, na kipande kidogo chenye namba hiyo hiyo kifungwe kwa uzi. Akifika mwisho, kipande kinakatwa na kutungwa kwenye waya, kimoja juu ya kingine, kwa mpango wa kufika. Waya huo utawaambia nani wa kwanza bila ugomvi, na utawaambia jambo kubwa zaidi: nani hajafika.

Nyuma ya wote atembee mtu mzima mwenye bendera nyeusi na nyeupe, asiyempita mtu yeyote. Kazi yake ni kuwa wa mwisho. Mchagueni mtu mwenye subira, ikiwezekana mama mmoja mkubwa ambaye vijana hawawezi kumdanganya. Akifika yeye, vipande vinahesabiwa. Walioanza 143, vipande 140, wawili waliachia njiani na wamesainishwa na Msalaba Mwekundu, mmoja je? Hapo zawadi hazitolewi. Hotuba haianzi. Mgeni wa heshima angoje, awe meya, awe nani. Watu wawili wanarudi njiani na pikipiki, mwingine anakwenda nyumbani kwake. Mara nyingi utamkuta huyo mmoja ameketi kwa shangazi yake anakunywa chai. Sawa. Mkateni kipande chake.

Juu ya zawadi tuseme kwa ufupi. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, ambao karibu na mji wao michezo ilifanyika kila miaka miwili, na mshindi alipewa taji la majani. Walikimbia kwa bidii yote kwa ajili ya majani yanayokauka. Sisi hatuna haja ya kutoa dola. Dola huleta miguu ya kukodi kutoka mbali na maneno ya baadaye. Jembe, mbuzi, madaftari, kitenge kwa akina mama: vitu hivi vinabaki nyumbani na watu wanaviona. Wasichana wapewe sawasawa na wavulana, kitu kile kile, siyo sabuni kwa mmoja na mbuzi kwa mwingine.

Kamba zikishaondolewa, vijana wapite tena njia yote na magunia, waokote vifuko vya maji na maganda ya ndizi. Halafu wapite mlango kwa mlango, wale wale wawili wawili wa kwanza, waseme asante na kuuliza kama kuna mtu aliyeogopa. Majibu yaandikwe katika daftari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Ahimaasi alifika wa kwanza bila habari. Kama tungepanga mbio mwaka huu, zingebeba habari gani? Kila kikundi kiandike sentensi moja tu.

2. Ni nyumba zipi katika kartie yenu ambazo zingeshtuka zaidi zikiona watu wanakimbia? Nani atakwenda kuzungumza nao, na kwa lugha gani?

3. Mtu anawapa fulana 500 zenye jina lake. Wazee na vijana wajibu mbali mbali, kisha mlinganishe.

4. Nani atabeba bendera ya nyuma?